Imani Yangu na Tambiko la Ukoo Wetu



Vijana wanaojifunza kwa ajili ya kipaimara hapa Mombo huniuliza neno moja kila mwaka, nao huliuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba ni aibu: "Mwalimu, Mkristo aliyezaliwa Msambaa afanye nini na mila za wazee wake?" Zamani nilikuwa nikiwajibu upesi, maana majibu nilikuwa nimeyaandika katika daftari. Siku hizi siwajibu upesi. Huwasimulia kwanza yaliyonipata mimi na ndugu yangu na mtoto wake, kisha huwaambia ninavyoamini. Nimeona vema niwaandikie na ninyi, kwa kuwa najua ya kwamba katika nyumba nyingi zisomazo gazeti hili jambo hili limekwisha kubisha hodi, au litabisha.

Ndugu yangu mdogo anakaa juu milimani, ng'ambo ya Soni, katika shamba la baba yetu. Mimi nilishuka miaka mingi iliyopita kufundisha shule, nikajenga hapa chini penye joto na vumbi, karibu na njia ya reli. Mtu apitaye Mombo katika basi huona mama wauzao ndizi na machungwa, hula wali hotelini, huondoka akidhani ya kuwa hapa ni mahali pa kupita tu. Walakini sisi tukaao hapa twajua ya kuwa kila shida ya mlimani hushuka kwa barabara ile ile ishukayo mboga. Ndivyo alivyoshuka ndugu yangu, asubuhi moja ya mwezi wa Julai. Alikuja mikono mitupu, yeye asiyekuja kwangu hata siku moja bila viazi au maharage, nikajua kuna neno.

"Shikamoo, kaka," akanena, akaketi, akanyamaza muda mrefu. Mke wangu alipomletea chai ndipo akaeleza. Mwanawe wa kiume, wa miaka tisa, huanguka. Huanguka shambani, huanguka shuleni. Macho hugeuka, povu hutoka kinywani, kisha hulala kama mfu. Safari ya mwisho alianguka penye mafiga, akaungua mkono wa kuume. Walikuwa wamempeleka zahanati mara mbili wakapewa dawa ya homa. Halafu wakaenda kwa mtu ajuaye mambo, naye akawaambia: babu yenu amesahauliwa, kaburi lake limeota magugu, jina lake halitajwi. Basi atolewe mbuzi, itengenezwe pombe ya miwa, na mwana wa kwanza wa nyumba aseme maneno.

Mwana wa kwanza wa nyumba ni mimi.

"Kaka, bila wewe kazi ni bure," akanena. "Wazee wote wamekubali. Mbuzi nimekwisha kumpata. Nataka kinywa chako tu. Na mtoto akifa, watu watasema nini juu yako? Nami nitasema nini?"

Kabla sijaeleza nilivyomjibu, imenipasa kuungama jambo. Nilipokuwa mwalimu kijana, kaka yake baba alifariki, na katika matanga yake palikuwa na tambiko. Mimi nilikataa kukanyaga pale. Nilibaki Mombo siku zote za msiba, nikajiona shujaa wa imani. Mama yangu hakunigombeza. Alilia tu, akasema ya kuwa watu walimwuliza, "Mwanao yuko wapi?" naye hakuwa na la kujibu. Marehemu yule ndiye aliyenilipia ada ya shule. Nimekwisha kuomba msamaha kwa Mungu na kwa mama, na wote wawili walinisamehe, lakini sikupata tena nafasi ya kumzika mzee yule. Walimu vijana mnaosoma haya, msiijaribu njia ile.

Sasa ninavyoamini ni hivi. Naamini Mungu mmoja, aliye Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo, nami sikubali mtu aniambie ya kuwa Mungu huyu aliingia Usambara kwa meli. Krapf alipofika Vuga mwaka 1848 na kupokewa na Mfalme Kimweri ye Nyumbai, aliwakuta watu waliokwisha kujua ya kuwa yuko Muumba juu ya wafalme na juu ya mizimu. Wazee hao walikuwa na neno, *kuzifya shi*, maana yake kuiponya nchi: mvua inyeshe kwa wakati wake, watoto wakue, ugomvi ukome. Kinyume chake ni *kubana shi*, kuiharibu. Mfalme alipimwa kwa neno hilo. Mimi nilipobatizwa sikufunguliwa katika wajibu wa kuiponya nchi. Nadhani nilifungwa nao mara mbili.

Na juu ya wafu naamini ya kuwa wamo mikononi mwa Mungu. Hawaoni njaa wala kiu. Hawana amri ya kumwangusha mtoto motoni. Tena babu yangu namkumbuka. Alikuwa akinibeba begani kwenda shambani, na mimi nikishika masikio yake. Siwezi kuamini ya kuwa mtu yule angemwunguza mjukuu wake kwa ajili ya magugu. Amwaminiye babu hivyo, ndiye nionaye mimi kuwa amemvunjia heshima.

Babu yangu hakubatizwa. Aliwaruhusu wanawe kwenda shule ya misheni, akawaambia wajifunze yote waambiwayo, lakini yeye mwenyewe akafa katika mila yake. Nimeulizwa na vijana, "Yuko wapi sasa?" Hujibu ya kuwa Mungu ni mwenye haki kuliko mimi, na ana huruma kuliko mimi, na babu yangu amemjua kabla mimi sijazaliwa. Zaidi ya hapo sisemi.

Huenda mtu akaniambia: kama ni hivyo, mbona jambo ni jepesi? Kataa tambiko, ukae na amani. Si jepesi, na wengi wametaabika nalo kabla yetu. Johannsen na Wohlrab walipoanza kazi Mlalo mwaka 1891, walijifunza Kishambaa kwa bidii. Na mwaka 1908 Agano Jipya lilikwisha kuchapwa kwa lugha hiyo. Karl Roehl, aliyefanya kazi katika milima hii, ndiye baadaye aliyetoa Biblia nzima ya Kiswahili mwaka 1937, akijitahidi kuyaacha maneno mengi ya Kiarabu na kutafuta yale ya asili ya Kibantu. Kwa hiyo watu hao hawakudharau ya kwetu yote. Lugha waliichukua, hata wakaitia katika ibada. Matambiko waliyakataza. Vita Kuu ya kwanza ilipowaondoa wamisionari Wajerumani, walimu wenyeji walishika shule na ibada wenyewe, na kila mmoja katika kijiji chake alikuwa na ndugu zake, na mbuzi wao, na makaburi yao. Hao hawakuwa na mtu wa kumwandikia barua. Mara nyingi natamani ningalimpata mmoja wao, nimwulize alifanyaje.

Kusini mwa nchi yetu palifanyika jambo jingine. Vincent Lucas wa Misheni ya Vyuo Vikuu, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926 hata 1944, aliona ya kuwa kijana asiyepita jando si mtu mbele ya watu wake. Basi yeye na mapadre Waafrika hawakulifuta jando. Walilichukua, wakaondoa yale waliyoona hayafai, wakatia sala na mafundisho ya Kikristo. Wako waliomsifu na wako waliomlaumu, na kwa unyago wa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi. Mimi namsifu kwa sehemu. Jando ni shule, na shule yaweza kubadilishiwa mwalimu. Tambiko ni sala, nayo humtaja yule aombwaye. Hapo sioni njia ya kubadili nusu.

Hata katika nchi ya China Kanisa la Roma lilishindana juu ya jambo hili hili. Matteo Ricci, aliyefariki Peking mwaka 1610, aliona ya kuwa Wachina wanapoinama na kufukiza ubani mbele ya majina ya wazee wao, wanaonyesha heshima ya mtoto kwa baba, wala hawaabudu. Wengine wakasema, la, ni ibada ya wafu. Mwaka 1742 Papa akakata shauri kwa ukali na kuikataza desturi hiyo. Na mwaka 1939 Papa mwingine akawaruhusu Wakristo kushiriki katika heshima hizo. Hesabuni wenyewe miaka iliyo katikati, na nyumba ngapi ziligawanyika. Nawatajia haya ili mwalimu wa kijijini asijione mjinga akishindwa kukata neno kwa siku moja.

Ndugu yangu alilala kwangu usiku ule. Mimi sikulala, nikafungua Maandiko mahali pawili, navyo vyanivuta huku na huku. Katika Wafalme wa Pili sura ya 5, Naamani Mshami, akiisha kupona ukoma, aliomba asihesabiwe kosa akilazimika kuinama pamoja na bwana wake katika nyumba ya Rimoni. Na Elisha hakumkemea, alimwacha aende kwa amani. Na katika Wakorintho wa Kwanza sura ya 10, Paulo anawaruhusu watu kula kila kiuzwacho sokoni pasipo kuuliza, lakini mtu akikuambia ya kuwa nyama hii imetolewa kwa sanamu, usile, kwa ajili ya dhamiri ya yule aliyekuambia. Nikajiambia: Naamani alikuwa peke yake katika imani yake nchini kwao, wala hakuna aliyemtazama ili ajifunze imani kwake. Mimi natazamwa. Mtoto yule mgonjwa mwenyewe ananitazama, maana ndiye niliyemsimamia katika ubatizo wake.

Asubuhi nikamwambia ndugu yangu, "Nitakuja. Mbuzi huyo nitakulipa mimi, na watu wote wa ukoo wale. Kaburi la babu nitalipalilia kwa mikono yangu. Jina lake nitalitaja mbele ya watu, nimshukuru Mungu kwa ajili yake. Walakini sitamwomba babu kitu, wala sitamwambia amwachie mtoto, kwa maana siamini ya kuwa amemshika. Tena kabla ya hayo yote, kesho twende na mtoto hospitali kubwa."

Akaniangalia kwa uchungu. "Kaka, wewe wataka karamu. Mimi nataka mwanangu apone."

Neno lile lilinichoma, na linanichoma hata leo.

Hospitali tulikwenda. Daktari aliuliza maswali mengi, akamtazama mtoto sana, akasema ni kifafa, ugonjwa wa ubongo, si homa wala pepo. Akampa vidonge vya kila siku, akaonya ya kuwa asikose hata siku moja. Naomba mniruhusu kusimama hapa kidogo, kwa sababu ya watoto walio katika nyumba zenu. Kifafa hakiambukizi. Povu la mgonjwa halimdhuru amshikaye, na watoto wengi wameungua vibaya kwa sababu watu waliogopa kuwagusa na kuwatoa motoni. Mtoto akianguka, mwondoe penye moto na maji, mlaze ubavu, mlegezee nguo shingoni, usimtie kijiko wala kitu chochote kinywani, ukae naye hata aamke. Shirika la Afya la Ulimwengu linasema ya kuwa wagonjwa wa kifafa kama 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka, kama wangepata dawa na kuzitumia sawasawa. Wengi hawazipati, au huziacha waonapo nafuu.

Mwinjilisti mmoja aliniuliza baadaye, "Lakini katika Injili Bwana Yesu alimtoa pepo mtoto aliyekuwa akianguka motoni na majini. Wewe wasema ni ubongo?" Nikamjibu ya kuwa Bwana alimponya mtoto yule na hali watu walibaki wakibishana, wala hakumkataa baba yake aliyekiri ya kuwa anaamini na bado haamini. Mimi nikisoma sura ile namwona ndugu yangu.

Siku ya ukoo ilipofika nikapanda mlimani. Palikuwa na ukungu, na migomba inatona maji. Watu walikuwa kama arobaini, na baba yetu mdogo ndiye mkubwa wao. Mzee huyu ni Mwislamu. Husali sala zake tano, na tambiko hakosi, na shehe wake humkemea kama vile mchungaji wetu anavyowakemea wa kwetu. Nikamwamkia, akaniitikia vema, akanipa kigoda karibu naye. Kisha nikasimama nikasema yale niliyomwambia ndugu yangu, kwa Kishambaa, polepole, nisimwumize mtu.

Baba mdogo akatikisa kichwa. "Mwanangu, unaogopa Wazungu wako."

"Baba," nikamjibu, "Wazungu wamekwisha kuondoka. Ninayemcha ni mwingine."

Akacheka kidogo, kisha akauliza neno ambalo sikuwa nimejiandaa nalo. "Mama yako alipokufa, uliweka maua kaburini mwake. Nilikuona. Ukasimama ukasema naye. Ulikuwa unasema na nani?"

Ni kweli. Nilimwambia mama, "Pumzika, tutawatunza wadogo." Nilisema kwa sauti. Nikabaki nimenyamaza mbele ya watu wote, na wengine wakaanza kunong'ona. Mwisho nikamwambia, "Baba, nilimwambia kwa sababu nampenda. Sikumwambia kwa sababu namwogopa."

"Na sisi je, nani amekuambia ya kuwa twaogopa? Mtu humwamkia mkubwa wake. Ukipita bila kumwamkia, je, utasema huna hofu naye? Utasemwa huna adabu."

Wasomaji, nimelifikiri neno hili mara nyingi. Kwa wengine nadhani mzee alisema kweli: ni adabu tu, wala hamna zaidi. Lakini ndugu yangu hakushuka Mombo kwa adabu. Alishuka kwa hofu, na aliyemtia hofu alimtoza fedha. Hapo ndipo ninapopiga mstari wangu mimi: kama jambo nalifanya kwa upendo wa waliotangulia, nalishika, kama nalifanya kwa kuogopa ya kuwa watanidhuru, naliacha. Mahari nimeyatoa na kuyapokea, tena kwa furaha. Binti yangu ana jina la ubatizo na jina la mama yangu, na la pili ndilo tumwitalo nyumbani. Kaburi nalitunza. Najua ya kuwa mstari huo hupita katikati ya moyo wa mtu, na aliye nje hauoni. Mchungaji wangu haupendi sana. Asema ni mwembamba mno. Ndugu yangu asema ni mpana mno.

Mchana ule tulipalilia kaburi, vijana kwa wazee. Nikataja majina ya wazee wetu, mmoja mmoja kama nilivyofundishwa na baba, nikamshukuru Mungu kwa ajili yao, nikamwombea mtoto. Baadhi waliitikia amina, hata baba mdogo. Mbuzi alichinjwa na Mwislamu, kama ilivyo desturi ya kwetu ili wote wale, tukala. Jioni nikaambiwa kwa siri ya kuwa usiku atachinjwa wa pili, na baba mdogo atasema maneno mahali pangu. Nyama ya mbuzi huyo sikula. Nikalala nyumbani kwa ndugu yangu, nikasikia sauti zao kwa mbali penye kaburi, wala sikuondoka kwa hasira, wala sikutoka kwenda kutazama.

Tangu wakati ule mtoto ameanguka mara mbili tu, na mara moja ya hizo ilikuwa juma ambalo vidonge vilikwisha na mvua ikaharibu barabara. Mimi nasema ni dawa, na Mungu aliyewapa watu akili ya kuitengeneza. Ndugu yangu asema ni dawa na mbuzi wa pili. Hatugombani. Kila mwezi mimi hununua vidonge, huvitia katika basi la asubuhi kwa mkono wa kondakta tunayemjua, naye hunipigia simu jioni kunijulisha ya kuwa vimefika na mtoto ameanza kuvitumia.

Mwezi wa Desemba nilipanda tena. Nilimkuta mtoto yule kaburini kwa babu, na jembe dogo, anapalilia. Kovu la mkono limepona vizuri. Nikamwuliza nani amemtuma.

"Hakuna, baba mkubwa," akajibu. "Yameota tena."